Mbu ana damu yake, Mhariri

Mhariri,

Salaam kutoka Tororo, Uganda. Gazeti lako hutufikia hapa kesho yake, kwa basi linalovuka mpaka wa Malaba, na mimi hulipata baada ya kinyozi wangu kulimaliza. Kwa hiyo nikikuandikia kuhusu makala ya wiki mbili zilizopita, usinione mtu wa kufukua makaburi. Ni ile ya ukurasa wa watoto, iliyosema kwamba mbu “ni sindano inayoruka”, kwamba “hana damu yake, huishi kwa damu ya kuazima”, na kwamba hupeleka malaria kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima “kama mhudumu wa hoteli anavyopeleka chai mezani”.

Ningeicheka na kuipita. Lakini mjukuu wangu amekosa alama mbili kwa sababu yake.

Shule anayosoma haina vitabu vya kutosha vya Kiswahili. Baraza la mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima, uamuzi ulifika kabla ya vitabu, kama kawaida yetu. Mwalimu wake, kijana mwenye bidii, hukata makala magazetini, akazibandika kwenye kadibodi, watoto wakasoma na kujibu maswali ya ufahamu. Safari hii alikata yako. Swali la nne likauliza: “Je, mbu ana damu yake mwenyewe? Eleza.” Mtoto akaandika: “Ndiyo, anayo. Haina rangi. Babu ameiona.” Akachorwa mkasi mwekundu, na pembeni pakaandikwa: “Soma kifungu!”

Nilikwenda shuleni. Mwalimu alinipa kiti chake, akasimama yeye, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, “Mzee wangu, mimi sikatai. Lakini hili ni swali la ufahamu. Jibu limo ndani ya kifungu, na kifungu kimesema hana.” Nilitafuta la kumjibu sikulipata. Ufahamu ni ufahamu. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwaza, na nilipofika kwenye reli nilikuwa nimeshaelewa kwamba kosa haliko kwa mwalimu wala kwa mtoto. Liko kwenye kifungu, na kifungu ni chako.

Sasa utauliza huyu babu aliyeiona damu ya mbu ni nani. Baba yangu alikuwa askari, nami nilizaliwa kambini Jinja; ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii, maana kambini ndiyo ilikuwa lugha ya kila mtu, kuanzia gwaride hadi foleni ya maji. Jeshini sikwenda. Nilipata kazi ya mbu. Kwa miaka kumi na tisa niliajiriwa na miradi ya utafiti, mkataba huu ukiisha naomba mwingine, kukamata mbu usiku na kuwapasua asubuhi. Nimepasua mbu wa Nagongera, wa mashamba ya mpunga ya Doho, na wa Apac, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilihesabiwa kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Elfu moja na mia tano, Mhariri. Usije ukadhani nimekosea sifuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbu unamlaza ubavu juu ya kioo, ndani ya tone la maji ya chumvi. Sindano moja inamshikilia kifua, nyingine unaiweka shingoni, halafu unavuta kichwa polepole, kama mtu anayechomoa uzi kwenye shati asitake shati lifumuke. Ukipatia, kichwa kinatoka na tezi za mate zikiburuzika nyuma yake. Ni mbili, kila moja ina vidole vitatu, zinang'aa kama barafu. Vimelea vilivyokomaa vinangojea humo. Ukivuta ncha ya tumbo, unatoka utumbo pamoja na mifuko ya mayai. Kwenye mifuko ya mayai unatazama vijirija vya hewa: vikiwa vimejiviringa, huyo hajawahi kutaga, vikiwa vimenyooka, huyo ni mama, na mama, aliyekwisha kunyonya damu, ndiye wa kuogopwa. Siku nzuri nilimaliza mbu mia moja kabla ya chakula cha mchana. Macho yangu ya leo ni malipo ya siku zile.

Katika kazi hiyo, damu nyekundu unaikuta mahali pamoja tu, ndani ya utumbo, na hiyo ni yetu. Ukimpiga mbu ukutani likabaki doa jekundu, doa hilo ni lako, au la mtu mnayelala naye chumba kimoja. Damu ya mbu mwenyewe haijawahi kumchafulia mtu ukuta. Mkate mguu kwa wembe mpya, umtazame kwenye hadubini: penye kidonda linachomoza tone dogo la majimaji, karibu halina rangi, labda umanjano wa mbali kama chai iliyopikwa kwa majani ya jana. Wataalamu wanaiita hemolimfu. Mimi naiita damu yake, kwa kuwa inafanya kazi ya damu: inapeleka chakula, inaondoa uchafu, na inabeba chembe za ulinzi.

Kama kuna mtu hanisadiki, amkamate mbu dume. Dume unamjua kwa papasi zake za kichwani, zina manyoya mengi kama brashi ya kusafishia chupa. Huyo hanyonyi damu tangu azaliwe mpaka afe. Hunywa utamu wa maua na majimaji ya mimea. Ukimkata mguu, tone ni lile lile. Kama mbu huishi kwa damu ya kuazima, dume ameazima kwa nani?

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ndiyo inayobeba oksijeni. Oksijeni ya mbu haipandi gari hilo. Inaingia kwa matundu ya ubavuni na kusambazwa na mirija ya hewa mpaka kila kona ya mwili, kwa hiyo wekundu haumhusu. Mishipa pia hana, isipokuwa mrija mmoja unaopita mgongoni kutoka tumboni hadi kichwani, na sehemu yake ya tumboni ndiyo moyo. Moyo huo unasukuma damu kuelekea kichwani, halafu, na hili bado linanishangaza, unageuza, unaisukuma kuelekea mkiani, kisha unageuza tena. Viungo vyote vimelowa ndani ya damu hiyo kama vipande vya nyama ndani ya mchuzi.

Chembe zenyewe za damu niliziona mara moja tu maishani. Alikuja kwenye maabara yetu mwanafunzi mmoja wa kike, akifanya utafiti wa shahada yake, na alikuwa na subira kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja. Alichukua kijirija cha kioo, akakivuta kwa moto mpaka ncha yake ikawa nyembamba kuliko unywele. Akampasua mbu kidogo sana karibu na mkia, akamchoma kifuani kwa kile kijirija, akaanza kusukuma majimaji taratibu. Mbu akavimba. Kisha mkiani likatoka tone, likaanguka kwenye kioo, la pili, la tatu. Alikuwa anamwosha mbu kwa ndani, kama unavyosuuza chupa ya maziwa. Tukakiweka kioo ndani ya sahani yenye kitambaa kibichi matone yasikauke, tukasubiri kama robo saa. Mimi nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi aliniambia, “Mzee, chungulia.”

Nilitazamia kuona vidoti. Nikaona mayai ya kukaanga. Kweli kabisa: chembe imejitandaza juu ya kioo, katikati kiini, pembeni ukingo mwembamba usio sawa, na mikono mifupi imetoka huku na huku kana kwamba inapapasa gizani. Hizo, alinieleza, zinaitwa granulositi. Ndizo nyingi kupita zote na ndizo zinazokula. Bakteria wakiingia mwilini mwa mbu, baada ya muda unawakuta ndani ya granulositi wamemezwa. Kulikuwa na nyingine za mviringo zilizokataa kujitandaza, oenositoidi, na chache ndogo sana ambazo ni kama kiini kitupu, prohemositi. Majina hayo niliyaandika nyuma ya daftari langu la mahudhurio na bado ninalo. Kwa ujumla wake, chembe zote hizo zinaitwa hemositi, na mbu mzima anazo mia kadhaa hadi elfu chache tu. Sisi, katika milimita moja ya ujazo wa damu, tone la kutosha kichwa cha pini, tuna seli nyekundu kama milioni 5. Mbu anaishi, anaruka, anapambana na kila uchafu wa mitaro yetu, kwa jeshi lisilojaza shule ya msingi.

Hapo nimetumia neno jeshi, nami naliondoa. Makala yako ilisema binadamu ana “askari wa damu” ilhali mbu hana. Mimi nimekulia kambini, niruhusu niseme kidogo juu ya askari. Askari ana kamanda, ana zamu, ana kambi, ana mshahara unaochelewa. Granulositi haina hata kimoja kati ya hivyo. Mbu hana uboho wa mifupa wa kutengenezea chembe, maana hana mifupa. Hakuna anayepiga filimbi. Baadhi ya chembe hizo zinaelea na damu, nyingine zimeganda kwenye viungo, na maambukizi yakiingia utaziona zinajazana kando ya milango ya moyo, pale damu inapopita kwa kasi kuliko mahali pengine. Mimi nilipoelezwa hilo sikufikiria jeshi hata kidogo. Nilifikiria akina mama wauza ndizi na mayai pale Malaba: basi halijasimama sawasawa, wao wameshafika dirishani. Hakuna aliyewatuma. Wanajua tu abiria hupita wapi.

Na kuhusu chembe zinazokula wageni, hilo si jambo la binadamu pekee wala halikugunduliwa kwa binadamu. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff alilionea kule Messina, Italia, mwaka 1882, alipowachoma kwa vijiiba watoto wa kiti cha pweza, tena wanaoangaza kama kioo, akaona chembe zinakusanyika kuzunguka kijiiba. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Kiti cha pweza hana damu nyekundu hata tone.

Turudi kwa mhudumu wa chai, kwani hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Mhudumu wa hoteli hapigani na chai.

Mbu jike anapomnyonya mgonjwa anaweza kumeza vimelea vya uzazi kwa mamia, hata maelfu. Ndani ya utumbo vinakuwa dume na jike, vinapandana, na kesho yake, kati ya saa 18 na 24 hivi, vilivyobaki ni makumi kadhaa, vyenye umbo la ndizi mbichi, vinavyotoboa ukuta wa utumbo vitokee upande wa pili. Rudi baada ya wiki uuangalie ukuta huo kwa nje. Utakuta kijipu kimoja, yaani kimelea kilichofaulu kutoboa na sasa kinakua. Viwili. Mara nyingi hakuna. Kwa mbu wetu wa porini, mwenye vijipu zaidi ya vitano tulimwitia wenzetu waje kumwona.

Vingine vimekwenda wapi? Vingine viliishia tumboni, kwenye mmeng'enyo na kwa bakteria wa humo. Lakini vingi huuawa pale pale ukutani, vinapochungulia upande wa damu. Humo inaelea protini iitwayo TEP1, na hemositi ndizo zinazoitoa. Inajibandika kwenye mwili wa kimelea. Umewahi kuona watu wa barabara walivyopita mjini na rangi nyekundu wakichora X kwenye nyumba zitakazobomolewa? TEP1 ndiyo hiyo X. Kimelea kikishachorwa hakina rufaa. Mwaka 2004 watafiti walichapisha jaribio ambalo waliizima protini hiyo ndani ya mbu, na vijipu vikaongezeka sana. Yaani mbu wa kawaida alikuwa akiviua wakati wote, sisi hatujui.

Njia nyingine ya kukimaliza kimelea ni kukipaka rangi nyeusi. Hapa ndipo oenositoidi zinapoingia. Zinatengeneza kimeng'enya kinachosababisha melanini. Usiogope neno. Menya ndizi za matoke uziache bila kuzitia maji, uone zinavyogeuka nyeusi, na mikono yako pia. Kemia yake ni ndugu wa hiyo. Kimelea kinazungushiwa gamba jeusi na kufia ndani. Tangu 1986 inajulikana kwamba wapo mbu wa maabara, wa aina hii hii ya Anopheles gambiae tunayoishi nayo, waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi wakawa wanavipaka rangi karibu vimelea vyote. Porini ni nadra. Katika miaka yangu kumi na tisa nimeona mara mbili: utumbo umetandazwa juu ya kioo, mwangavu, na juu yake kidoti cheusi tii, kama mbegu ya ufuta iliyoangukia nailoni. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo, nikamfokea kijana wa kuosha vioo. Msimamizi wangu akaja, akatazama, akanyamaza kwa muda, kisha akasema nikamwombe radhi kijana. Nilimnunulia chapati mbili.

Kuna na hili la kumbukumbu, ambalo lingemfaa mhariri wa ukurasa wa watoto kuliko sindano zake. Mwaka 2010 ilichapishwa kwamba mbu aliyewahi kuvamiwa na vimelea hukaa chonjo maisha yake yaliyobaki. Kimelea kinapotoboa ukuta wa utumbo, bakteria wa tumboni nao hupata nafasi ya kuugusa mwili wa mbu mahali wasipofika siku zote. Mbu anaamka, granulositi zake zinaongezeka, na vimelea vya mara ya pili vinapata tabu kubwa zaidi. Ukichukua damu ya mbu huyo ukamdunga mwenzake ambaye hajawahi kuambukizwa, mwenzake naye anakuwa chonjo. Mdudu asiye na uboho wala tezi za limfu, na bado yaliyompata anayakumbuka.

Lakini basi mbona malaria bado ipo, na kwa wingi huu? Kwa sababu vimelea navyo si vijinga. Plasmodium falciparum, kimelea hatari zaidi cha malaria, ana protini mwilini, Pfs47, inayomwezesha kupita bila kinga ya mbu kumtambua. Hiyo ilielezwa mwaka 2013. Vimelea vyetu vimeishi na mbu wetu kwa muda mrefu, wanajuana. Halafu kimoja kikipona kinatosha. Kijipu kimoja kikikomaa kinapasuka na kumwaga maelfu ya vimelea vipya ndani ya damu ya mbu, navyo huogelea humo kuzitafuta tezi za mate. Hata hapo vingi havifiki. Vinaliwa au kuharibika njiani. Vinavyofika ni sehemu ndogo, nayo inatosha kumlaza mtoto wa mtu.

Safari yote hiyo, tangu mbu anyonye mpaka aweze kuambukiza, inachukua kama siku 10 hadi 14. Mbu wengi hawaishi siku hizo. Anayeambukiza ni mzee, na hemositi za mbu hupungua anavyozeeka. Yaani yule aliyeishi siku za kutosha kutudhuru ndiye ambaye kinga yake imeanza kulegea. Nilipolisoma hilo nilikuwa nimestaafu tayari, magoti yananiuma, na nilimwonea mbu huruma ya dakika moja hivi. Kisha nikaingia ndani ya chandarua nikakichomeka vizuri chini ya godoro.

Sasa neno “sindano”. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, na si kwa ajili ya alama mbili. Wewe ni kijana pengine, hukumbuki miaka ya 1980 wakati silimu, yaani UKIMWI, ilipoingia vijijini kwetu. Watu waliogopa kila kitu. Waliogopa kikombe, waliogopa shuka, na waliogopa mbu: kama mbu ni sindano, na sindano inaambukiza, basi mbu ataambukiza. Nilimjua mtu aliyehama nyumba kwa sababu jirani yake alikuwa mgonjwa na kati yao kulikuwa na bwawa. Hofu hiyo haijaisha. Nimeisikia mwaka huu huu kwenye stendi ya bodaboda, kutoka kwa kijana ambaye wakati ule baba yake alikuwa bado hajaoa.

Mdomo wa mbu, unaouona kama sindano moja, ni nyuzi sita nyembamba ndani ya ala. Humo mna njia mbili ambazo hazichanganyiki: moja inapandisha damu, nyingine inateremsha mate. Sindano ya hospitali ina tundu moja. Damu ya jirani yako aliyoinyonya mbu hairudi kwenye mwili wako. Imekwenda tumboni kuwa chakula cha mayai. Virusi vya UKIMWI vikiingia humo havina pa kushika, haviwezi kuzaana ndani ya mbu, vinasagwa pamoja na damu na habari yao inaishia hapo. Malaria haiji na damu ya jirani. Inakuja na mate ya mbu, baada ya kukaa ndani yake, kupigwa, kujificha, kupungua na kuzaana upya. Mtoto akielewa jambo hilo moja, ameelewa kwa nini mbu anaambukiza malaria na haambukizi UKIMWI. Akishikilia sindano, hatalielewa kamwe.

Nchi hii, Mhariri, ina msitu wa Zika pale karibu na Entebbe, ambako virusi vya jina hilo vilipatikana kwa kima mwaka 1947 na kwa mbu mwaka 1948. Jina la msitu wetu dunia nzima inalijua kwa sababu watu walipanda juu ya miti usiku kukamata mbu. Watoto wetu hawastahili kufundishwa kwamba mbu ni bomba tupu.

Yule mwanafunzi sasa ni daktari wa falsafa, yuko nje, na hunikumbuka kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2020 alinitumia picha: watafiti walikuwa wamechukua hemositi zaidi ya 8,000, za Anopheles gambiae na za Aedes aegypti, mbu wa aina nyingine, wakasoma jeni zinazofanya kazi ndani ya kila chembe, moja baada ya nyingine, na kwa Anopheles wakakuta aina ambayo hakuna aliyeijua, kubwa kuliko zote. Wameipa jina la megasiti. Nilimjibu kwamba kwenye daftari langu la mahudhurio nafasi ya jina la nne bado ipo. Nimeliandika.

Ombi langu ni dogo. Chapisha masahihisho kwenye ukurasa ule ule wa watoto, si pale nyuma karibu na matangazo ya vifo. Useme kwamba mbu ana damu yake, kwamba haina rangi, na kwamba ndani yake mna chembe zinazomlinda. Maneno arobaini yatatosha. Mwalimu ameniahidi mbele ya mwalimu mkuu kwamba gazeti likisahihisha, naye atasahihisha. Atakikata kifungu kipya, akibandike juu ya kile cha zamani, na swali la nne litahesabiwa upya kwa darasa zima. Tafadhali kitoke kabla ya muhula kufungwa, na ukumbuke kuwa sisi huku gazeti tunalisoma kesho yake, tena kinyozi akishamaliza.

Mpasua mbu mstaafu,
Tororo, Uganda